Kwato za Nyati

Nilipopangiwa kufundisha Usangu nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilifika na viti viwili. Nilivinunua Mafinga, mbao za paina, bado vikinukia utomvu. Kimoja changu, kingine cha mgeni. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa vijiji vya ujamaa, na kijiji chenyewe kilikuwa cha mchanganyiko: Wasangu wenyeji, na wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao. Mimi binti wa Kihehe kutoka vilima vya Tosamaganga, nimesomeshwa na masista, sijui ng'ombe wala mpunga.

Miezi saba kile kiti cha pili hakikukaliwa na mtu. Siongezi chumvi. Watu walinisalimu vizuri njiani, "Hujambo mwalimu," wakapita. Watoto walileta madaftari mpaka mlangoni wakarudi mbio. Mwalimu mkuu aliishi ng'ambo ya mto na familia yake. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Padri alifika mara moja kwa mwezi, na Jumapili zilizobaki nilikaa uani nikifua nguo ambazo zilikuwa safi. Nilitaka mtu mmoja tu aje akae. Hata asiongee, akae tu.

Na mimi, lazima niseme, si mtu mwepesi. Nina hasira za karibu, na nikinuna nanuna wiki nzima. Mama yangu alikuwa akisema nitafute kinu kinioe, maana kinu hakijibu.

Basi akatokea nyati anaharibu mpunga. Bwana nyama akaja na bunduki yake kutoka Mbeya, akamwangusha Jumamosi asubuhi karibu na mfereji, na kijiji kizima kikaenda na visu. Nyama iligawanywa kwa mafungu, kila nyumba kumi na fungu lao, balozi wao akisimamia. Nyumba yangu ilikuwa ya shule, haimo kwenye nyumba kumi zozote. Nilisimama kando na bakuli langu la bati nikaona paja linaondoka, mbavu zinaondoka, maini yanaondoka. Hakuna aliyeniita. Nikarudi nyumbani.

Mchana wakaja wanawake wawili na beseni kichwani. Mmoja alikuwa bibi jirani yangu, mjane, shamba lake lilipakana na uwanja wa shule. Wakalitua mlangoni.

"Mwalimu, hii yako."

Ndani mlikuwa na kwato nne, na manyoya yake na matope yake, na juu yake imelala pua ya nyati pamoja na midomo.

Jamani. Kwetu vitu hivyo tuliwatupia mbwa. Nilikiona kijiji kizima kimekaa kikicheka: mpeni mwalimu kwato. Nikatoa asante ile ya kukata, nikavuta beseni ndani, nikafunga mlango wao wakiwa bado wamesimama.

Kutupa nisingeweza. Nyama mara ya mwisho nilikuwa nimeila Pasaka. Nikachukua sufuria kubwa ya uji wa shule, na Jumapili nikaamka na jogoo. Mtu asikudanganye, kwato za nyati si makongoro ya ng'ombe. Unazibabua motoni mpaka manyoya yaungue, unakwangua kwa kisu, unababua tena. Kisha zikiwa bado za moto unazigonga kwa kisogo cha shoka mpaka gamba la ukucha litoke, unapasua vipande, unaosha maji matatu. Pua niliikwangua mpaka ikawa nyeupe. Nikatia chumvi, vitunguu, ndimu mbili na pilipili kichaa. Kawaida nilipikia uani. Siku ile nilihamishia mafiga ndani ili mtu asione nilichopewa, nikafunga na dirisha. Nililia, nikajiambia ni moshi.

Saa nane bado zilikuwa ngumu. Saa kumi mchuzi ukaanza kuwa mzito, unanata midomoni. Saa kumi na moja nikasikia nyayo nje, na sauti za chini za watu wazima, wengi. Kisha hodi.

Nikajua wamekuja kumtazama mwalimu anayekula kwato. Nikafunika sufuria, nikakaa kwenye kiti changu, nikajizuia hata kukohoa. Hodi ya pili. Nikakitazama kile kiti kingine. Hodi ya tatu ilikuwa sauti ya bibi jirani, taratibu. Mtu hapigi hodi ya nne. Walisimama kidogo, nikasikia bati likigonga bati, kisha wakaondoka.

Nilikula bakuli mbili. Zilikuwa tamu, na hilo nalo likaniudhi. Zilizobaki zikachacha Jumanne kwa lile joto, nikachimba nyuma ya nyumba nikafukia. Jumatano mbwa wakafukua, mifupa ikazagaa uwanja wa shule mbele ya kila mtu. Tangu hapo salamu za njiani zikawa fupi.

Miezi minne baadaye akauawa nyati mwingine. Safari hii sikwenda kusimama na bakuli. Jumapili jioni nikapita kwa fundi baiskeli, mtu aliyehamia juzi juzi, nikakuta uani kwake kumejaa watu, kila mmoja na bakuli lake, sufuria katikati. Bibi jirani alikuwepo. Akasogea kunipisha, nikachuchumaa, nikamuuliza kama kuna msiba.

"Kwato," akasema. "Paja kila mtu hula kwake. Kwato huchemka kutwa, na mtu mmoja hazimalizi. Basi hupelekwa nyumba tunayotaka kwenda kukaa."

"Na huyu fundi alielezwa?"

"Aelezwe nini? Hata mtoto anajua."

Akanywa mchuzi wake kidogo. Kisha akasema, wala hakukasirika: "Kwako tulikuja kumi na wawili, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema zije kwako, maana kila Jumapili nilikuwa nakuona unafua nguo safi. Tukapiga hodi. Tukasema mwalimu hapendi watu, tumwache."

Nilitaka kumwambia nilikuwemo ndani. Alijua. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa. Hasira hasara, methali hiyo nilikuwa nawaandikia watoto ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe. Nikauliza kama nyumba iliyokwisha kupewa hupewa tena.

"Hupewa," akasema. "Nyati akija."

Nyati hakuja. Desemba ikafika barua ya uhamisho, naenda Mbeya mjini. Asubuhi ya kuondoka nilimpelekea bibi viti vyangu. Alivipangusa kwa kanga, akakalia kimoja, akainuka akakalia kingine. Akaniuliza mbona hiki kimeingia weusi mgongoni, na hiki bado cheupe kama kimetoka kwa seremala jana. Lori lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikamwambia hicho cheupe kilikuwa chake tangu mwanzo.