Malaria ya Shangazi na Mgomba Usiotaka Kufa

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Biharamulo mjini, nikiwa na mke, watoto na kitambi, na tangu siku hiyo ukoo mzima umenifanya daktari. Mbuzi akikohoa naitwa. Redio ikikoroma naitwa. Basi msimu wa kupanda maharage shangazi yangu wa Ntobeye, dada mkubwa wa baba, alikuwa ananipigia simu kwamba malaria inamtesa, na mavuno yalipofika nikapanda basi kwenda kumtazama.

Nilimkuta uani anapeta maharage, mzima kuliko mimi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, daktari wa jioni. Umekuja kutibu au kula?"

"Vyote."

"Basi kula. Malaria nimeishinda."

Akanisimulia ilivyokuwa. Joto lilianzia kifuani, likapanda usoni kama amefunua chungu cha maharage, kisha jasho, na mimi naapa alivyolieleza lingemwagilia migomba yote ya Ngara. Nikamuuliza kama alipima.

"Nipime nini? Joto ni malaria. Kwani wewe umezaliwa wapi?"

Hakuwa peke yake. Kwetu hata mtu akikasirika sana anauliziwa dawa ya malaria.

"Nikimeza ya malaria inatulia," akaendelea. "Nikirudia vile vidonge vyeupe, inarudi."

"Kwani vyeupe huwa unaacha?"

"Nichanganye dawa mbili zipigane tumboni? Safari hii nimeviweka kando tangu maharage yatoe maua. Unaona nilivyopona!"

Hapo kicheko kikanikauka. Shangazi aliwahi kutolewa uvimbe wa saratani kwenye titi, na vile vyeupe ndivyo alivyoambiwa ameze kila siku, kwa miaka, ili usirudi. Na maharage aliyokuwa anapeta yalikuwa makavu kabisa, yaani wiki nyingi bila kidonge.

Kesho yake tulikuwa hospitali. Kipimo cha malaria hakikuona kitu. Daktari, mama mmoja mpole, akasema joto lile lililetwa na vile vidonge vyeupe vyenyewe, linasumbua lakini halina hatari, na shangazi angesema mapema angesaidiwa. Kisha akaeleza kwamba seli ya mwili imepangiwa kufa. Ikichakaa inajimaliza yenyewe kimyakimya. Ya saratani inakataa. Uvimbe wa shangazi ulikuwa wa aina ambayo homoni ya kike inaufikia na kuuambia uishi, uongezeke. Kidonge kinakalia mahali homoni inapopokelewa. Seli ikikosa ujumbe huo inaacha kuongezeka, na nyingine zinakubali kufa.

Shangazi akanigeukia. Kiswahili cha sokoni anakimudu, cha seli hapana. Nikamtafsiria kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, na kwa kuwa huko seli sikuzipata, nikatumia mgomba. Mgomba ukishatoa mkungu kazi yake imekwisha, unakauka, watoto wake wanachukua nafasi. Sasa fikiria mmoja umegoma, unatoa machipukizi mpaka chumbani, kwa sababu kuna mtu anauletea mbolea kila asubuhi.

"Huo ni uchawi," akasema.

"Ndiyo saratani yenyewe. Mbolea ni homoni. Kidonge kinafunga mlango wa shamba."

Akahesabu wiki kwa vidole. "Na mimi nimeufungua tangu maua."

Daktari akampapasa titi, kwapa, shingo. Nilitazama dari muda wote, sasa najua kila doa lake. Hatimaye akasema kwa mkono hajahisi uvimbe, lakini apigwe picha kwa uhakika, na dawa aianze leo. Shangazi akaomba maji palepale, akameza.

Picha nayo haikuonyesha kitu. Siku hizi ananipigia hata nikiwa kanisani.

"Daktari wa jioni, nafukuta! Ile migomba inakufa!"

Daktari alituambia wazi kwamba joto si kipimo, hata asiyefukuta dawa inamfanyia kazi. Sehemu hiyo nimeitafsiri kwa Kihangaza mara nyingi mno. Haisikii, lakini vyeupe anameza.