Lori la Kumrudisha Wambeti

Wambeti alilala kwenye veranda ya buchari yetu mjini Embu miaka sita, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumkuta asubuhi ameegemea ukuta akingoja kuhurumiwa. Nikifika kutoka nyumbani kwangu, mtaa wa Majimbo, kufungua duka, nakuta magunia yamekunjwa, veranda imefagiwa, na mwenyewe ameshajifunga leso yake, anamgombeza mtu aliyetema mate njiani. Hakuna aliyemwajiri kufagia. Mume wangu Khalifa alimwambia siku moja apumzike, akajibiwa, "Wewe kata nyama, baba. Huu uchafu niachie." Khalifa akarudi kwenye shoka lake. Mume wangu haogopi ng'ombe, lakini alimwogopa Wambeti.

Wenye magazeti hupenda kuandika "wasio na makao", utadhani makao ni nywele, huyu anazaliwa nazo na yule hana. Wambeti alikuwa na makao. Aliolewa Kianjokoma na marehemu Njue, wakachuma majani chai bega kwa bega, wakajenga nyumba ya mbao yenye madirisha ya vioo, wakati majirani wengi walikuwa bado wanafunga yao kwa vipande vya mabati. Hawakujaliwa mtoto. Njue akafa kwa ugonjwa wa mapafu, na matanga hayajaisha vizuri, mdogo wake akaja kumwambia Wambeti kwamba mke asiye na mtoto hana shamba.

Huyo mdogo mtu ndiye Gichovi. Naam, Gichovi huyu huyu mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, anayetazamana na buchari yetu. Pesa za majani chai ya kaka yake ndizo zilizoweka marumaru pale mlangoni kwake.

Mji mzima ulijua. Chifu alijua, wazee wa kanisa walijua, hata wauza mitumba walijua na rangi ya ile nyumba. Lakini Gichovi hakosi harambee, na watu wetu wakimwona mtu asiyekosa harambee hutia maji mdomoni. Ni Wambeti peke yake ambaye hakutia maji. Kila asubuhi Gichovi akishuka kwenye gari lake, sauti ilivuka barabara:

"Gichovi! Habari ya nyumbani? Majani yamechumwa?"

Mtu mzima mwenye tumbo lake na suti yake akawa anaingia hotelini kwake kwa mlango wa jikoni. Nilikuwa nasimama na kisu mkononi nikicheka mpaka wateja wananishangaa.

Hoteli hiyo hulaza wazungu wanaokwenda kupanda mlima. Wanalala usiku mmoja, wanakunywa chai yetu na kuisifu, halafu wanakwenda zao kutafuta baridi kwa hiari yao. Sasa, mafundi wa Gichovi walivunja mfuniko wa mtaro pale kando ya barabara ili waunganishe bomba la vyoo vipya vya wageni. Walipomaliza, wakakusanya vifaa vyao wakaenda. Shimo wakaliacha wazi, refu kama mtoto wa darasa la tano, na harufu yake mnaijua.

Wambeti alikwenda kuwaambia wa hotelini, akafukuzwa na mlinzi. Basi akakata matawi ya mti, mabichi, yenye majani, akayasimamisha kuzunguka lile shimo. Kuna Mkenya asiyejua maana ya matawi barabarani? Gari likiharibika, matawi. Daraja likivunjika, matawi. Hata mlevi akiyaona hupunguza mwendo. Lakini kuna Mholanzi mmoja alitoka hotelini giza likianza kuingia, macho yake kwenye simu, na kwao matawi barabarani ni takataka. Akayasukuma kwa kiatu apite. Tuliona kichwa tu kimebaki juu.

Aliyemtoa ni Wambeti. Alilala kifudifudi kwenye uchafu ule, akamshika makwapa, huku akimwita Khalifa aje ashike upande wa pili. Mguu wa mgeni ulikuwa umevunjika. Wambeti akamshikilia kichwa mpaka gari la hospitali lilipofika, akimsemesha Kiembu, na yule Mholanzi akiitikia kama anayeelewa.

Wiki iliyofuata kukaitishwa kikao cha kamati ya usalama wa wageni. Mwenyekiti ni nani? Ni Gichovi. Sisi wenye maduka tulikalishwa nyuma. Akasimama, akakohoa, akasema hivi kwa macho makavu:

"Ndugu zangu, hawa machokoraa wa verandani wametega mgeni wetu. Wameweka matawi juu ya shimo kama mtu anatega swara. Tusidanganyane. Walitaka aanguke wamwibie."

Huyu ni mtu aliyezaliwa Kianjokoma. Amesukuma magari mabovu kwenye zile barabara za matope tangu utotoni, na mikono yake mwenyewe imeyavunja matawi hayo mara ngapi, Mungu anajua. Nilihisi damu inapanda kichwani. Nikasimama.

"Mwenyekiti, matawi si ni ya kuonya? Na hilo shimo nani alilifungua?"

"Mama Swaib, kaa chini. Hii ni mambo ya wageni, si ya matumbo."

Wakacheka. Wanaume wazima, wengine nimewakopesha nyama mpaka nimesahau, wakacheka. Hakuna aliyeuliza tena habari za shimo. Wakapitisha kwamba wote wanaolala katikati ya mji waondolewe, kila mmoja arudishwe kwao kwa lori la serikali. Nilimwambia Wambeti jioni ile ile, nikamsihi aje kwangu Majimbo ajifiche hadi mambo yapoe, maana nilijua atakwenda kutupwa mahali asipomjua mtu, na umri wake si wa kuanza kutafuta veranda nyingine. Alinisikiliza huku akisugua mikono.

"Wamesema kwao?" akauliza.

"Wamesema kwao."

"Basi sijifichi."

Siku yenyewe ikafanywa sherehe, maana Gichovi hawezi kutenda uovu bila hema. Viti vikapangwa mbele ya hoteli, spika zikafungwa, waandishi wakaja na kamera. Mholanzi wa watu akawekwa mstari wa mbele na plasta yake mguuni, aonekane vizuri, kama bidhaa dirishani. Kanjo, wale askari wa mji, wakawaleta watu waliowaokota vichochoroni. Lori lilikuwa limeegeshwa kando, mlango wa nyuma umeshushwa, na dereva wake, Nyamu, kijana mtaratibu, amesimama akingoja amri.

Serikali ya kaunti ilimtuma afisa mmoja, binti anayeitwa Kananu, mzaliwa wa Kaaga kule Meru. Alikuwa mgeni kazini, hajui nani ni nani Embu, na ndiyo maana alikuwa mnyoofu. Gichovi akashika maikrofoni.

"Embu yetu itakuwa salama! Mgeni atembee bila wasiwasi! Na sisi si watu wabaya. Hakuna mtu hana kwao. Kila mmoja atafikishwa mpaka mlangoni!"

Makofi. Sijawahi kusikia makofi yananuka, lakini yale yalinuka.

Kabla hayajaisha, Wambeti alikuwa amekwisha panda lori. Alipanda mwenyewe, hakuna kanjo aliyemgusa, akakaa kwenye ubao akiwa ameweka mikono magotini. Kananu akachukua maikrofoni ya pili akamsogelea kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Kwenu ni wapi tukupeleke?"

"Kianjokoma. Kwa marehemu Njue, kaka ya huyu mwenyekiti wenu. Atawaelekeza njia."

Spika zilikuwa nzuri, Gichovi hakubahili. Neno lilifika mpaka stendi. Mtu mmoja akaguna, na wazee wa kamati wakaanza kuangalia viatu vyao.

Gichovi akatabasamu tabasamu la mtu aliyeuma pilipili. "Huyu mama aachwe," akasema. "Huyu hana shida. Hata ni yeye hutulindia hapa. Mama, shuka, utarudi pale kwa veranda yako. Nitakuletea blanketi."

Juzi alikuwa mtega watu, leo amekuwa mlinzi! Nilicheka kwa sauti, makusudi, anisikie.

Wambeti hakushuka. Kananu akageuka. "Lakini mwenyekiti, si umesema kila mmoja, mpaka mlangoni?"

"Mlango gani?" Gichovi akamkaripia, na maikrofoni bado iko mdomoni. "Hakuna nyumba! Ile nyumba nilibomoa zamani, nikapanda majani!"

Aliposikia sauti yake inamrudia kutoka kwenye spika, akaishusha ile maikrofoni. Amechelewa. Mambo ambayo mji ulijifanya hauyajui kwa miaka sita, ameyasema mwenyewe mbele ya kamera. Mholanzi akawa anamvuta jirani yake shati atafsiriwe, na jirani anatazama mbinguni.

Wambeti alikuwa hajui kwamba nyumba imebomolewa. Nilimwona. Alifumba macho, mikono ikaacha magoti ikashika ubao, na mimi niliyekuwa nacheka kicheko kikanikatika. Alipofumbua macho, hakuongea kwa sauti kubwa, lakini Kananu aliinua maikrofoni karibu naye.

"Na kaburi la Njue, Gichovi? Umelipandia majani pia?"

Gichovi akapiga hatua moja kuelekea hotelini.

"Nakuuliza wewe. Umepanda juu ya kaka yako?"

"Hapana," akasema. Sauti ilitoka ndogo sana.

"Basi ni hapo nashukia. Nitakaa hapo kando yake mpaka unijengee, na mvua ikinyesha itaninyeshea nikiwa kwangu. Nyamu, twende."

Nyamu akamtazama mwenyekiti, kisha akamtazama Kananu. Kananu alizunguka nyuma ya lori kwa vile viatu vyake vya ofisini, akainua mlango ule mzito kwa mikono yake miwili, na mimi nikakimbia kumsaidia kuufunga.