Jembe la Mtu wa Watu

Mtaa mzima unamwita mume wangu Mtu wa Watu, na hawajakosea, maana wa nyumbani si watu wake kabisa. Ni fundi bomba. Bomba la jirani likivuja, anaacha hata kijiko mezani akimbilie huko. Letu la jikoni nimelifunga kitambaa, huu mwaka wa pili.

Mvua zilipoanza nilimwomba anilimie kijibustani cha nyuma ya nyumba. Mbegu za bamia nilikuwa nimeshaziloweka, na zikishalowekwa hazingoji mtu.

"Mgongo, mke wangu," alisema, kajinyoosha kwenye kochi. "Acha mvua ipungue kwanza."

Kumbe mgongo nao una ubaguzi. Jioni ile ile jirani yetu, muuguzi, akapaza sauti ng'ambo ya ua: "Shemeji, nisaidie hata tuta moja tu!" Mheshimiwa huyo, jembe begani, mvua inamnyeshea. Alilima bustani nzima, akang'oa magugu kwa mkono, akanyoosha matuta kwa kamba. Alirudi amelowa chapachapa, akadai chai ya moto. Nikampa, mke mwema mimi.

Asubuhi, muuguzi aliporudi kutoka zamu ya usiku, nikanong'ona naye penye ua, tukacheka, kisha nikaingia ndani na uso mkavu.

"Baba watoto, ile bustani yetu nimempa muuguzi apande bamia."

Kikombe kikamganda mkononi. "Atalima nani?"

"Si mwenyewe? Akishapumzika."

"Masikini! Mtu amekesha na wagonjwa, halafu ashike jembe? Huna huruma wewe!" Hata chai hakuimaliza.

Nikakaa dirishani kumtazama, leso mdomoni nisisikike nikicheka. Alichimbua mpaka pembeni, akatoa mawe, akapondaponda mabonge yote ya udongo. Bustani yangu haijawahi kupendeza vile.

Kicheko kiliniishia alipokuja mlangoni, matope mpaka magotini, na sauti ya upole niliyoisahau.

"Hebu muulize mwenyewe, anataka matuta mapana au membamba? Na kama kuna mahali hapajamridhisha, aseme tu, nitarudia."

Miaka yote ya ndoa yetu, mimi sijawahi kuulizwa swali kama hilo. Iliniuma, sitaficha.

"Anataka mapana," nikamjibu.