Ukungu Ulioingia Kifuani

Nilidhani ni udongo. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara juu ya Londiani, mtungi wa maziwa miguuni, nikingoja lori la ushirika, nikakohoa ndani ya leso. Udongo wetu ni mwekundu na huingia kila mahali. Lakini udongo hauna joto. Niliikunja leso, nikaitia mfukoni, na sikumbuki kama niliitikia salamu ya dereva.

Mke wangu aliikuta alipokuwa akifua. Aliileta mezani, akaiweka karibu na kikombe changu cha chai, akangoja.

"Ni fizi," nilisema.

"Fizi gani? Na meno yenyewe umebaki nayo mangapi?"

Niliogopa kwa sababu nilijua. Nilistaafu utumishi wa serikali nikiwa msajili wa vizazi na vifo, na miaka yote hiyo niliandika sababu ya kifo kama nilivyoletewa: kifua kikuu, kifua kikuu, kifua kikuu. Mimi mwenyewe niliugua ugonjwa huo nikiwa kazini Sigor, nikameza dawa bila kuruka hata mara moja, nikapona. Kwa hiyo zahanati iliponiambia kwamba ugonjwa umerudi, nilitaka ithibitishwe. Makohozi yalipimwa, vijidudu vya TB havikuonekana. Hata hivyo nilipewa dawa zilezile, eti kwa tahadhari. Nilipouliza ni tahadhari dhidi ya nini, mhudumu alinijibu bila kuinua macho: "Mzee, damu na kukonda ni TB. Wacha maswali mengi."

Nilizimeza zote. Niliendelea kukonda, na leso ziliendelea kufuliwa kando na nguo nyingine.

Ndipo tulipoteremka Kericho, kwenye hospitali kubwa. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliinua picha ya kifua changu kwenye mwanga. Alituonyesha shimo lililoachwa na TB ya zamani, na ndani ya shimo hilo kitu cha mviringo, kama yai katika kiota.

"Mzee, huu ni ukungu," alisema. "Umeingia hapa, ukajenga."

Akaandika vidonge, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Naomba jambo hili lieleweke sawasawa. Kwetu, ukungu ni ule unaotoka msituni alfajiri na kufunika mashamba hadi jua lipate nguvu. Ni kweli kwamba mkate ukiharibika nao tunasema umeota ukungu. Lakini nani aliyewahi kufikiri kwamba kifua cha mtu kinaweza kuharibika kama mkate? Lugha ina neno kuvu. Daktari alilijua. Hakulitumia.

"Si nilikuambia?" mke wangu alisema tulipofika nje. "Kila asubuhi kifua wazi, kama kijana anayetafuta mchumba! Sasa ukungu umekuingia."

Basi nikakatazwa kutoka kabla ya jua. Madirisha yakafungwa. Kitanda changu kikahamishiwa chumba kilicho nyuma ya jiko, penye joto la kuni, ambapo tulihifadhi mbegu za viazi na mahindi yaliyonyeshewa wakati wa mavuno. Chumba kilikuwa na harufu nzito tuliyoizoea zamani. Nililala humo nikivuta pumzi ndefu, nikishukuru kwa lile joto, na nilimeza vidonge kwa utaratibu. Alasiri moja leso haikutosha. Mke wangu alileta beseni, na alipolitoa nje alilifunika kwa kanga yake ili nisione.

Tulirudi Kericho siku iliyofuata.

"Mzee analala wapi?" daktari aliuliza.

Mke wangu alieleza kwa fahari: joto, madirisha, magunia ya viazi na mahindi yaliyoziba upepo. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, sikumaanisha ukungu wa mlimani. Ni kuvu. Ile inayoota kwenye mkate. Na kwenye mahindi yaliyolowa."

Sijawahi kuuona uso wa mke wangu vile. Daktari aliharakisha kusema kwamba si chumba kilichonipa ugonjwa, ila tuhame humo leo hiihii. Kisha makohozi yangu yakapelekwa Nairobi, kuvu ioteshwe na ijaribiwe kwa dawa. Nilidai kujua kwa nini hilo halikufanywa mwanzo. Alijibu kwa ukweli kwamba maabara za namna hiyo ni chache, na wengi wenye kuvu hutibiwa TB hadi mwisho. Hadi mwisho. Mwisho huo ulikuwa ukifika mezani kwangu, nami nikiuandika kwa mwandiko mzuri.

Majibu yalisema kwamba vidonge vile haviiwezi kuvu yangu.

"Viazi mnapulizia nini?" daktari aliuliza.

"Dawa ya ukungu," mke wangu alisema, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Daktari alieleza kwamba baadhi ya dawa hizo za shambani na vidonge vyangu ni za ukoo mmoja. Kuvu iliyozizoea shambani huweza kufika kifuani ikiwa tayari ni sugu. Hakuweza kusema ilitoka shamba lipi, kwa kuwa huruka na upepo.

"Yaani viazi vilianza matibabu kabla ya mzee?" mke wangu aliuliza.

Daktari alicheka. Mimi sikuweza.

Ilibaki dawa ya dripu, inayoweza kuumiza figo. Upasuaji mapafu yangu yasingeuhimili. Niliuliza itakuwaje dripu ikishindwa. "Tuanze kwanza," alisema. Nikamwomba aandike ugonjwa kwa jina lake kamili: kuvu ya mapafu, sugu kwa dawa ya kwanza.

"Ya nini, mzee?"

"Kuna msajili huenda akalinakili."

Aliandika, bila kunitazama.

Asubuhi moja wodini, dripu ikidondoka, ukungu ulipanda hadi dirishani. Mke wangu aliinuka haraka kufunga.

"Wacha, Mama. Huo ni ule mwingine."

Aliketi. Nikakohoa ndani ya leso, nikaifumbata mkononi, kwa maana vidole vilikataa kuifungua. Aliichukua yeye, akaifunua mapajani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nyeupe," alisema. Akaikunja upya. "Leo."