Mfinyanzi wa Uani na Kura ya Hekaluni

Goreth alikuwa akifinyanga taa ndogo za udongo katika ua wa nyumba moja pale Sydenham, jijini Durban, alikopanga chumba cha nyuma pamoja na mumewe, Fabien, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo kwenye ghala huko Mobeni. Wahindu wa mtaa walizinunua kwa ajili ya Diwali, sikukuu yao ya taa. Warundi wenzake kanisani walipomuuliza alijifunzia wapi, alijibu kwamba alifundishwa shuleni, katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Ulikuwa uongo. Alifundishwa na mama yake, karibu na Gitega, Burundi, maana walikuwa Batwa, jamii ndogo inayodharauliwa na wengine, na kwao kila mtu anajua wafinyanzi ni akina nani. Fabien, ambaye ni Mhutu, alilijua hilo tangu siku walipopendana. Ndugu zake hawakuja harusini.

Mwenye nyumba alikuwa Anti Saroja, muuguzi mstaafu, mjane, mpenda mabishano. Mwaka 2011 aligombea uenyekiti wa kamati ya hekalu la Wahindu wa mtaa. Mtaa mzima ukaanza kunong'ona. Babu yake Saroja aliletwa Natal kukata miwa, na kule India ukoo wake ulikuwa wa wapiga ngoma za mazishi, watu wasioruhusiwa kukanyaga ndani ya hekalu. Tangu hekalu hilo lijengwe, mwenyekiti alitoka katika familia zilezile chache. Hakuna kanuni iliyosema hivyo. Ilijulikana tu.

Siku ya mkutano Goreth alikuwa amepeleka maboksi ya taa, akaona aketi nyuma ya ukumbi asikilize. Mzee Kistensamy, aliyewahi kuwa karani bandarini, alisimama na kusema kwa upole kwamba yeye hana chuki na mtu. Serikalini, mtu mmoja kura moja ni sawa kabisa. Lakini hekalu si bunge, alisema; humu mna mpangilio wa kale, na mwenyekiti ndiye anayetangulia na taa mbele ya mungu. Mambo hayo hayapigiwi kura. Mwalimu mmoja kijana alimpinga, akakumbusha kwamba baadhi ya watakatifu wanaowaimba kila Ijumaa walizaliwa katika koo za chini. Wengine wakaguna, wengine wakapiga makofi.

Ndipo Saroja akasimama.

"Babu yangu alibeba matofali ya hekalu hili kichwani," alisema. "Lilipokwisha, akaambiwa abaki nje. Mwaka tisini na nne nilipanga foleni juani kutwa nzima, nipige kura inayohesabiwa sawa na ya kila mtu. Kama mungu ndiye aliyeniweka chini, aseme mwenyewe. Mpaka leo nawasikia nyinyi tu."

Zilipigwa kura za karatasi, akashinda. Lakini alipozunguka kugawa vitamu vilivyobarikiwa, Mzee Kistensamy aliweka mikono yake nyuma ya mgongo. Goreth aliiona ile mikono akaitambua; kwao pia watu waliificha hivyo Batwa alipowapa kitu.

Kesho yake asubuhi, Saroja alipokuja uani na chai, Goreth alimwambia alichokuwa hajamwambia mtu yeyote Durban isipokuwa Fabien. Alimweleza jinsi watu wa kwao wanavyokaa kuzunguka mtungi mmoja wa pombe, kila mmoja na mrija wake, na jinsi baba yake alivyomiminiwa pembeni katika kibuyu kilichovunjika mdomo. Saroja akauliza kama huko hawana uchaguzi.

"Tunao, Anti. Katiba imetupa viti bungeni," Goreth alisema. "Viti tunavyo. Mrija ndio hatuna."

Saroja alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na Goreth naye akajikuta anacheka jambo ambalo hajawahi kulicheka.

Baada ya hapo uongo wa shuleni ulimchosha. Jumapili moja Estella, mwimbaji mwenzake wa kwaya, alipomsifia mtungi aliouchora, Goreth alimjibu wazi kwamba ni kazi ya mama yake, na kwamba wao ni Batwa. Wanawake wawili hawakurudi tena kwake kununua. Estella aliomba afundishwe.

Mzee Kistensamy hakuhama hekalu. Alihudhuria kila kikao na kupinga karibu kila pendekezo, na aliposhindwa kwa kura alikubali. Mwaka 2013 akagombea yeye. Tatizo lake ni kwamba wapiga kura wengi walikaa katika nyumba ambazo mama yake hakuwahi kuvuka vizingiti vyake. Ikambidi aende. Akaketi sebuleni kwao, akanywa chai yao, akasikiliza habari za magoti yao na wajukuu wao. Siku moja aliingia mpaka uani akamwomba kura Goreth, mkimbizi asiye na kura popote Durban. Goreth alimpa chai kwanza, akamwacha aimalize, ndipo akamwambia kwamba hana kura.

"Eish," alisema mzee, akatabasamu kwa aibu. Chai ilikuwa imeshashuka tumboni.

Alishinda kwa kura chache. Saroja alikasirika wiki nzima, kisha akakubali kuwa makamu wake, akisema sasa ni zamu yake kupinga kila kitu. Alimwambia Goreth kwamba angalau kashindwa na mtu aliyelazimika kubisha hodi.

Mwaka uliofuata mama yake Goreth alipiga simu kutoka Gitega. Akauliza kama watu wa huko Durban wanajua binti yake ni nani. Goreth akajibu kwamba wanajua. Mama akataka kuambiwa kama udongo anaoufinyanga huko Durban ni mwekundu au mweusi.