Jivu Katika Sufuria ya Bizari

Harufu ya bizari ikichemka na mafunjo mabichi hunirudisha Dunga, likizo ile ambayo nusura wivu unipasue. Mama alisuka vikapu vya mafunjo, nami, kwa miaka yangu kumi na mmoja, ndiye niliyekuwa jicho lake: hakuna kikapu kilichotoka kwenye sufuria ya rangi kabla sijasema "bado" au "tayari". Naapa, Kisumu nzima ilipata rangi kwa idhini yangu.

Ndipo akaja binamu yangu Atieno kutoka Milimani, mwanafunzi wa chuo kikuu, na kompyuta iliyopumua moto kama jiko la kukaangia samaki. Akaichora molekuli ya bizari, mashine ikakokotoa tangu chai ya asubuhi hadi ugali wa mchana. Akatueleza kwamba mwanga ukiigonga molekuli, elektroni hupanda daraja, na mwanga unaomezwa ndio huamua rangi tunayobaki nayo. "Hii inameza zambarau na buluu, Anti. Vikapu vitakuwa vya njano." Mama akapiga makofi utadhani jua limevumbuliwa. Njano! Mimi nilisema njano tangu kuzaliwa, na sikuwahi kupigiwa hata kofi moja. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Siku ya kuchovya vikapu vya mteja, walipokwenda kuteka maji, nikamimina sufuriani kopo zima la maji ya jivu, ili utabiri wake uaibike. Rangi ikawa nyekundu kama matofali.

"Atieno, kumbe kompyuta yako ni mwongo?" Mama akashika kichwa. Nikajiona malkia.

Atieno alifuta hidrojeni moja tu kwenye mchoro, akaiacha mashine ikokotoe upya. Tukangoja. "Sasa inameza mpaka kijani, Anti. Bizari imenyang'anywa hidrojeni. Kuna mtu ametia jivu."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikutosha hata sisimizi kugeuka. Mama hakunichapa. Alimpa Atieno mwiko wa kukorogea. "Shika wewe. Jicho langu limeingia mchanga."

Leo nakaa Kondele, nimehitimu kemia kwa masomo ya jioni, nikisinzia juu ya vitabu hadi paji la uso likaota sugu. Juzi kompyuta yangu mwenyewe ilitabiri rangi ya molekuli ya hina, nikailinganisha na spektra, yaani mchoro wa mwanga unaomezwa, iliyopimwa maabara, zikaoana kama mapacha. Nikampigia Atieno mbio mbio, nimsikie akimeza mate. Akapiga vigelegele, akawaita wanawe waje wamsikie shangazi yao bingwa. Nikakata simu. Miaka yote hii namwonea wivu, na yeye hana hata chembe ya kunirudishia.