Jiko Lililokuwa Chini ya Kitanda

Miaka yangu ya kwanza ya ndoa nilikuwa na jiko zima chini ya kitanda. Sufuria mbili zilizoingiana, mwiko, ungo, chujio la chai, kisu chenye mpini wa mbao, na sinia la bati ambalo nililiegemeza ukutani ili nikifagia lisipige kelele. Nilivinunua kimoja kimoja kila nilipopita mjini Mugumu, na kila kimoja nilikizungushia khanga kuukuu kabla ya kukatiza uwanja wa mama mkwe. Mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, nanyata kuingia chumbani kwangu kama niliyeiba kuku wa watu.

Chumba cha kupikia kilikuwepo. Mume wangu alikijenga mwaka ule ule tuliooana, kuta za udongo, bati juu, na tundu la kutolea moshi. Ila ndani hamkuwa na mafiga, na pasipo mafiga huna jiko, una banda. Kuku walilitambua hilo mapema wakaanza kutagia humo.

Desturi ya pale kwetu ni kwamba mke mpya anapikia kwenye moto wa mama mkwe. Anapika hapo mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapomwekea mafiga, yale mawe matatu, na kumwashia moto wa kwanza. Ukijiwashia mwenyewe umejitenga, na kujitenga ni neno baya. Litakutangulia kisimani, litakutangulia na kanisani. Wake wa shemeji zangu walikwisha kuwekewa mawe yao zamani, wakatulia na familia zao. Nilibaki mimi, niliyeolewa na kitindamimba.

Nimezaliwa Tarime, mambo haya nayajua tangu utoto, kwa hiyo sisemi kwamba nilionewa. Nasema nilichoka. Natoka shuleni Busawe na chaki imenikauka vidoleni, mtoto mgongoni, miguu inawaka, namkuta mama mkwe ameketi kwenye kigoda kando ya moto ananisubiri. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningepata walau cha kulalamikia. Yeye alikuwa anatazama tu. Nikisonga ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaoushika mwiko na kukataa kuuachia, anatazama mkono. Nikitia chumvi kwenye mboga ya mgagani, anatazama kiganja. Halafu anasema, kwa upole kabisa, "Ongeza unga, mwalimu. Mgeni akija atakula nini?"

Mgeni gani? Nilimsongea ugali huyo mgeni kila siku ya Mungu na sikuwahi kumwona. Asubuhi tulikula kiporo chake na chai.

Na mume wangu, tafadhali sikieni, ni mpishi. Anapikia wageni katika hoteli moja upande wa Ikoma, karibu na geti la hifadhi. Huko ana visu vya kila namna, ana sufuria zinazoning'inia juu ya kichwa chake, ana mtu wa kumwoshea vyombo. Akija likizo nyumbani hagusi hata kijiko, maana mwanamume haingii jikoni kwa mama yake. Nikimlalamikia ananibembeleza.

"Vumilia kidogo. Mama atayaweka tu."

"Kidogo cha nani? Basi njoo wewe usonge."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, mama mkwe akienda shambani, nilikuwa nafunga mlango na kuvitoa vyombo vyangu. Navipanga sakafuni, navifuta vumbi, napika kwa mawazo. Katika sufuria kubwa kati ya zile mbili nasonga ugali wa watu watatu, wangu, wa mume wangu na wa mtoto. Katika ndogo naunga dagaa. Hakuna anayetazama mkono wangu. Tunakula, unaisha, hakuna kiporo, naosha vyombo, nakaa chini. Sikuwa nataka zaidi ya hapo. Nilitaka jiko la watu watatu, na baada ya kula niufunge mlango nipumzike. Kisha nilivirudisha chini ya kitanda, nikachukua mtoto, nikaenda kuwasha moto wa mama mkwe.

Mwaka mmoja baridi ilikuwa kali, na mume wangu akaja likizo analalamika mgongo kwa sababu ya kusimama kutwa. Alitaka maji ya moto ya kuoga, mengi. Nilikuwa nayachemsha kwa birika, birika baada ya birika, nikaona huu nao ni utumwa mwingine. Nikaenda mnadani kutafuta chombo cha kuchemshia maji. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja anayeleta bidhaa kupitia Sirari, na Kiswahili chake kilikuwa kimekaa zaidi upande wa pili wa mpaka.

"Kuja hapa, madam. Shika hii usikie uzito. Hii hata watoto wako watapikia."

Nikamwambia haipikiwi, ni ya maji ya kuoga. Akasema maji pia yatachemka.

Ilikuwa sufuria ya kupikia msibani. Ilifungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira, na tulipopita Morotonga watu walinipungia mkono kama naenda kwenye harusi. Nilipofika nyumbani niliisukuma chini ya kitanda, haikuingia. Nikaigeuza ubavu, ikainua kitanda. Mwisho nikaitoa nje, nikaifunika kifudifudi karibu na mlango, nikasema potelea mbali. Akiuliza, jibu ninalo. Ni ya maji.

Mama mkwe alirudi shambani akaiona.

"Umefika, mwalimu?"

"Nimefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Aliizunguka, akaigonga kwa kidole kilichokunjwa, akasikiliza. Hakuuliza kitu. Akaenda kuketi kwenye kigoda chake, nami nikaenda kusonga.

Kesho yake asubuhi nilikwenda jikoni kwake kuchemsha chai nikamkuta amepiga magoti, anang'oa mafiga yake kwa jembe. Makaa alikuwa ameyakusanya kwenye kigae pembeni. Mawe yale yalikuwa meusi tii, yamekaa mahali pale tangu mume wangu hajazaliwa.

"Mama, unafanya nini?"

"Shika hili. Tumia kitambaa, bado lina moto."

Wale wake wa shemeji zangu waliwekewa mawe mapya ya mtoni. Mimi nilibebeshwa ya kwake. Tulivuka nayo uwanja, tukafukuza kuku, akainama kuyapanga katikati ya sakafu yangu. Akaomba ile sufuria. Akaipachika juu, haikukaa vizuri, akaitoa, akayasogeza mawe kwa nje, akajaribu tena mpaka ikatulia. Kisha akamimina makaa, akaweka kuni, akapuliza. Moshi ulituumiza macho wote wawili.

"Na wewe, mama, utapikia wapi?"

Alijivutia kigoda. Alikuwa amekuja nacho.

"Mimi nimeshapika, mwalimu. Nimechoka."

Sikuwahi kufikiri kwamba neno hilo lilikuwa lake pia.

"Vile vya chini ya kitanda niliviona zamani," akasema. "Kuku alikimbilia kutaga huko, nikamfuata. Nikavitazama kimoja kimoja. Vizuri tu. Lakini nikasema, humu fungu langu halimo. Nikimwekea huyu mafiga leo, kesho mimi nitakula wapi? Basi nikangoja. Sasa jana nikaona umeniletea hii."

Akaipapasa sufuria ubavuni.

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa nimelibeba kutoka mnadani, jibu la kweli, la maneno machache. Nikainua kichwa nikamwona mume wangu amesimama mlangoni, taulo begani, ndoo mkononi, amekuja kuchukua maji yake ya moto. Alikuwa amesikia yote. Tukatazamana. Akageuka taratibu na ndoo yake tupu, akaenda kuoga maji ya baridi.

Nikateka maji nikajaza sufuria, maana kwa ukubwa ule maji kidogo yangekauka. Nikaenda chumbani nikautoa mwiko wangu chini ya kitanda, bado mweupe. Nikatia unga. Mama mkwe alikuwa anautazama mkono wangu, kama kawaida yake.

"Ongeza unga, mwalimu," akasema. Safari hii hakumtaja mgeni.

Nikaongeza.